Tuachiane Nafasi ya Hewa

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo. Ni lengo la kuungwa mkono bila kusita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Hata hivyo mjadala wetu umeishia jikoni, kana kwamba jiko likibadilika hewa ya nyumba nzima imetakata. Vimelea vya kifua kikuu havitoki kwenye mkaa. Vinatoka kifuani mwa mgonjwa na kuelea chumbani kwa saa kadhaa, na Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo duniani. Gesi nayo inapowaka hutoa hewa chafu ya naitrojeni dioksaidi, na kaya nyingi zenye mtungi bado huinjika maharage kwenye mkaa, maana ni chakula kinachokawia kuiva. Ninachowaombeni, ndugu wananchi, ni tuanze kuidai hewa tangu kwenye ramani ya nyumba, kabla boma halijapauliwa.

Ushahidi upo. Watafiti waliopima mzunguko wa hewa katika hospitali za Lima, Peru, walichapisha mwaka 2007 kwamba vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa, ilhali vile vya kutegemea mashine vilibadilisha mara 12. Tena majengo ya kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yaliyashinda ya kisasa kwa mbali. Wazee wa pwani yetu hawakuwa na vipimo hivyo, lakini nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi unaopita katikati kutoka barazani hadi uani, na jiko lilikuwa huko uani, mbali na vyumba vya kulala. Upepo uliingia mbele ukatokea nyuma. Leo ukumbi ule unakatwa ili kipatikane chumba kimoja zaidi cha kupangisha, jiko linahamia koridoni, na dirisha la mbao lililofunguka lote linabadilishwa kwa la aluminiamu la kusukuma, ambalo hata ulifungue vipi nusu yake hubaki imezibwa. Baridi ikizidi, jiko la mkaa huingizwa chumbani, na kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu huua watu wangali usingizini.

Kubwa kuliko yote ni kwamba hewa ya chumba chako imo mikononi mwa jirani. Dirisha linalotazama ukuta wake kwa umbali wa hatua moja haliingizi upepo, hata liwe pana namna gani. Hapo fedha ya mtu mmoja haisaidii, wala fundi hodari hasaidii. Panahitajika makubaliano ya mtaa. Nasi makubaliano ya aina hiyo tunayaweza. Katika urasimishaji wa makazi, wananchi wa mitaa mingi ya Dar es Salaam wamekubali kumega viwanja vyao ili barabara zipite. Aliyetoa ardhi kwa ajili ya gari anaweza kuitoa kwa ajili ya mapafu ya wanawe.

Wapo watakaosema viwanja ni vidogo na kila futi ni pesa. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kupanga pamoja: majirani wawili wakiweka uwazi wao upande mmoja, wanapata nafasi moja ya maana badala ya vichochoro viwili visivyofaa kitu. Wengine wataogopa mbu. Hofu hiyo ina haki yake, ila utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa nyumba zilizowekwa wavu milangoni na madirishani, na kuzibwa mianya kati ya ukuta na paa, ziliingiwa na mbu wa malaria pungufu kwa zaidi ya nusu. Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za majaribio za ghorofa moja, ambako familia hulala juu na kuta hupitisha hewa huku wavu ukizuia mbu. Kwa wanaohofia wezi, nondo za dirishani tunazo tayari. Na wanaolalamikia gharama wakumbuke kwamba kuweka madirisha mawili kwenye kuta zinazokabiliana hakuna bei zaidi ya kuyaweka ukuta mmoja, na kozi moja ya tofali za matundu juu ya lenta haimfilisi mtu.

Basi mkutano ujao wa mtaa au kijiji uwe na ajenda hii. Tukubaliane umbali kati ya nyumba na tuuandike, mwenyekiti ausimamie kabla msingi haujachimbwa. Mafundi wakatae kujenga chumba cha kulala kisicho na njia mbili za hewa. Wapangaji, kabla hamjalipa kodi, fungueni madirisha yote muone kama upepo unapita. Usipopita, mwulizeni mwenye nyumba, na msipopata jibu la kuridhisha, mdaini hewa kwa pamoja.