Posheti ya uongo ni wizi: wauzaji wa filamu, tuambieni kilicho ndani

SHARI, BUNIA – Leo siandiki juu ya barabara wala bei ya unga. Naandika juu ya karatasi: ile karatasi ya rangi inayofunika diski ya filamu, ambayo hapa kwetu tunaiita posheti na jirani zetu wa Tanzania wanaiita kava. Najua kuna watakaosema: na vita yote hii ya Ituri, wewe unaona posheti tu? Ndiyo, naiona. Posheti nyingi zinazouzwa mjini Bunia zinadanganya. Uongo huo unakula makuta ya watu ambao makuta yao yamekwisha kuliwa na vita, na tumeuvumilia vya kutosha.

Filamu ya zamani haifi, inarudi sokoni. Steven Kanumba alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, lakini hadi leo sura yake ingali inauza. Filamu aliyoicheza akiwa hai inarudi na posheti nyingine, jina lingine, rangi nyingine, na neno MPYA kwa herufi kubwa. Aliyeirudisha siye aliyeitengeneza. Ni mtu mwenye kompyuta na mashine ya kuchapisha. Anakata kichwa cha Kanumba hapa, anachukua helikopta inayowaka kutoka filamu ya Marekani, anaongeza msichana wa filamu ya Nigeria, anachapisha, kazi imekwisha. Nimeona kwa macho yangu filamu ya ugomvi wa mume na mke ikiwa na helikopta juu ya posheti. Ndani ya filamu ile hakuna hata baiskeli.

Kuna pia diski za mkusanyo, filamu kumi au ishirini kwa diski moja. Juu unaona vichwa kama picha ya darasa la shule. Ukifika nyumbani, nne hazifunguki, tatu zinakatika katikati, mbili ni filamu ileile kwa majina mawili. Na za Tanzania zina tabia yao nyingine: hadithi moja hukatwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila sehemu kwa bei yake. Kule posheti huandika ni sehemu gani. Hapa kwetu namba inafutwa. Unanunua ya pili ukidhani ndiyo mwanzo, unakuta bibi harusi analia na hujui nani kamkosea.

Mtu mwenye mshahara atacheka na kutupa. Sasa mfikirie mama aliye kambini. Mama mmoja aliyehama kutoka upande wa Djugu alinieleza hivi: alilipa franka 2,000 kwa filamu iliyoandikwa KISWAHILI juu ya posheti, ili watoto wake wapate jioni moja ya kucheka. Akalipa tena mwenye betri na deki. Filamu ilipoanza, msimulizi akazungumza Kiganda mwanzo hadi mwisho. Watoto walikaa wakaangalia midomo ikicheza. Kesho yake alipomrudia kijana, akajibiwa: “Mama, si picha umeona?” Siwezi kulisahau jibu hilo. Huyu mama hakununua picha. Alinunua lugha, na hakupewa.

Lugha si jambo dogo. Sisi tuko karibu na Uganda, na filamu nyingi zinavuka mpaka zikiwa tayari na sauti ya VJ, yaani yule mtafsiri anayesimulia juu ya filamu, akieleza, akitania, akiwapa wachezaji majina mapya. Hiyo ni kazi ya ufundi na ninaiheshimu. VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana Kampala nzima, na mtu ananunua filamu kwa sababu ya sauti ile, kama vile Wakenya walivyomfuata DJ Afro na Watanzania walivyompenda Lufufu. Lakini basi andikeni! Jina la msimulizi na lugha yake ni nusu ya bidhaa. Waliotengeneza filamu ya “Jesus” ya mwaka 1979 wamekwisha kuitoa kwa lugha zaidi ya 2,000. Mtu akikuuzia diski ya filamu ile bila kukuambia ni lugha gani kati ya hizo, amekuuzia nini?

Wengine wananiambia mabishano ya posheti ni ya Wazungu walioshiba. Ni kweli, wao wanabishana. Wapenzi wa filamu kule Ulaya na Marekani wanaweza kugombana wiki nzima kwa sababu kampuni imeitoa tena filamu ya zamani na kuiwekea mchoro mpya mahali pa ule waliouzoea. Uingereza kuna kampuni inayoitwa Arrow Video ambayo mara nyingi inachapisha karatasi pande mbili: upande mmoja mchoro mpya, upande wa pili picha ya tangazo la zamani, mnunuzi ageuze anavyotaka. Lakini angalieni tofauti. Yule wa London anagombana juu ya uzuri, kwa sababu ukweli ameshapewa: nyuma ya kasha kuna jina la mtengenezaji, mwaka, urefu kwa dakika, lugha na umri wa mtazamaji. Sisi hatujafika kwenye uzuri. Bado tunadai ukweli. Maskini ndiye anayehitaji posheti ya kweli zaidi, maana hana makuta ya kununua mara ya pili.

Wengine wananitajia Ghana. Kule, miaka ya 1980 na 1990, watu walizunguka vijijini na jenereta, televisheni na deki ya video, na matangazo ya filamu yalichorwa kwa mkono juu ya magunia ya unga. Mchoraji mara nyingine hakuwa ameiona filamu yenyewe. Alichora nyoka, moto, damu, vichwa viwili, hata kama ndani havimo. Leo michoro ile inanunuliwa na wakusanyaji wa nchi za mbali na kutundikwa kwenye kuta za maonyesho. Basi, wananiuliza, uongo wa Ghana ni sanaa na wa Bunia ni wizi?

Ndiyo, na sababu naitoa. Kwanza, mchoraji wa Ghana alichora kwa mkono wake, na wengi waliandika jina lao chini ya kazi. Wa kwetu anakata sura ya mtu mwingine na kujificha. Pili, tangazo lile lilisimama mlangoni pa sinema. Ukiona umedanganywa, mwenye sinema yuko palepale, mnazozana naye usiku uleule. Diski unaifungua kilomita kumi kutoka sokoni, na muuzaji kesho yuko kona nyingine. Tatu, kila aliyeingia alijua kwamba gunia lile ni mbwembwe za kuita watu. Neno KISWAHILI juu ya posheti si mbwembwe, ni ahadi. Mtu akitaka kuchora helikopta kwa mkono wake mwenyewe, nitamsifu hapahapa na kumtangaza. Ila aandike lugha.

Kuna jambo zito zaidi, nalo nalisema kwa upole kwa sababu linawagusa wengi mnaonisoma. Posheti zinazotundikwa kwa kamba sokoni ziko kwenye kimo cha macho ya mtoto. Na juu yake kuna nini? Panga linalotiririka damu, mtu amekatwa, mwanamke anaburutwa. Mara nyingi hata si za filamu iliyo ndani. Zimebandikwa kuvuta wateja. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2022, watu zaidi ya 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, huko Djugu, watu waliokuwa tayari wamekimbia mara moja. Waliotoka salama wana watoto. Watoto wa kambi zetu hutumwa sokoni kununua chumvi. Ndugu muuzaji, unamtundikia mtoto huyo panga la nini? Usiniambie eti bila damu haitoki. Vichekesho vinatoka, filamu za nyimbo za kanisa zinatoka, mpira unatoka. Kilicho cha watu wazima kiweke ndani ya sanduku. Mtu mzima atauliza mwenyewe.

Sasa wale wa simu watasema: mwandishi, umechelewa, diski zinakwisha, leo watu wanapakia filamu kwenye kadi ya simu. Ni kweli, na hapo hali ni mbaya zaidi. Kwenye kadi hakuna posheti kabisa. Kuna jina kama “film mpya 7” na basi. Kinachobaki ni karatasi iliyobandikwa ukutani pa kibanda, nayo ni zile helikopta zetu. Kama hatukujifunza kuandika ukweli juu ya karatasi, tutauandika wapi?

Na hasara si ya mnunuzi peke yake. Filamu isiyo na jina la mtengenezaji ni mtoto asiye na baba. Mwaka 2010, mtaa wa Wakaliga huko Kampala, Nabwana Isaac alitengeneza “Who Killed Captain Alex” kwa makuta kidogo sana, na wachezaji wenyewe walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuza diski haraka kabla wanakilishaji hawajawatangulia. Nakala ya kwanza, isiyo na sauti ya msimulizi, haipo tena: mwenyewe aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie. Hata hivyo, baadaye shirika la Marekani la kuhifadhi filamu, AGFA, liliitoa tena kwa Blu-ray, na leo inaangaliwa dunia nzima. Iliwezekana kwa sababu ilijulikana ni ya nani na imetoka wapi. Hapa Bunia kuna vijana wanaotengeneza michezo na filamu fupi kwa simu na kamera ya kuazima. Diski yao ikivaa sura ya Kanumba na helikopta, nani atawatafuta? Tunazika kazi zetu zikiwa hai.

Sheria ipo. Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na tangu mwaka 2011 ina shirika la kuzisimamia, SOCODA. Lakini sisemi askari waletwe sokoni. Tunaijua hadithi hiyo: kijana atanyang'anywa mfuko, atalipa ili aachiwe, kesho atapandisha bei, na posheti itabaki ya uongo. Vijana wale wengi nao walihama kutoka vijijini na wanalisha familia. Sitaki wafungwe. Nataka waandike.

Na ninachodai kinawezekana kwa kalamu ya kawaida. Juu ya kila diski, na juu ya kila karatasi ya ukutani, mambo matano: jina la kweli la filamu na la aliyeitengeneza, lugha inayosikika, na jina la msimulizi kama yupo, sehemu ya kwanza au ya pili, idadi ya filamu zinazofunguka kweli, na neno moja, “watoto” au “wakubwa”. Chini yake muuzaji aweke alama yake, ili mtu ajue pa kurudi. Muuzaji wa kwanza kufanya hivyo hatapoteza wateja, atawanyang'anya wenzake. Mama akipata kibanda kisichomdanganya, kesho kambi nzima itakuwa pale.

Nanyi wanunuzi, hasa familia zilizo kambini, msinunue kwa macho. Mwambie muuzaji: weka kwanza nisikie. Dakika mbili zinatosha kujua lugha. Akikataa, usitoe makuta. Mkinunua watu watano pamoja, nendeni watano. Ni rahisi kumdanganya mmoja. Na viongozi wa kambi na wa kartie wakae na wauzaji waelewane juu ya picha za damu: wapi zisitundikwe, na nani atapita kuangalia. Hilo halihitaji barua ya gavana wala mradi wa shirika la misaada.

Wauzaji wenye la kujibu, studio iko wazi. Njooni na posheti zenu, tuziweke mezani, tufungue diski mbele ya wasikilizaji. Itakayosema kweli nitaitaja kwa jina. Ya uongo pia.