Windows mpya siyo Windows salama

Wauzaji wenzangu, leo nataka kubishana na mafundi, na najua baadhi yao mnasoma hapa.

Ukipeleka laptopu kupigwa Windows, siku ya kuichukua fundi anakwambia mambo mawili. La kwanza, "iko safi kabisa, mpya." La pili, "usiapdeti, itakumalizia bando na mashine itakuwa nzito." Tunashukuru, tunalipa. Tukifika dukani tunaunga Wi-Fi, tunafungua WhatsApp na kurasa za biashara, tunachomeka flashi yenye picha za bidhaa, kazi inaendelea. Mimi nasema saa hiyo ndiyo kompyuta iko kwenye hali mbaya kuliko siku zake zote.

Windows iliyo kwenye flashi ya fundi ilitengenezwa tarehe fulani. Kama ni ya miaka 3 iliyopita, matundu yote yaliyogunduliwa na kuzibwa ndani ya miaka hiyo, kwako bado yako wazi. Na wezi wanayajua. Microsoft wakitoa masasisho, wenye utaalamu wao wanayafungua na kuangalia yameziba wapi, halafu wanawatafuta ambao hawajaziba.

Mwezi Machi 2017 walitoa kiraka cha tundu lililokuwa kwenye njia ambayo kompyuta hugawana mafaili. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kikaibuka kirusi kinaitwa WannaCry, kikapita kwenye tundu hilohilo. Hukuhitaji kubonyeza chochote. Kikiwa kwenye mashine moja kinatafuta nyingine kwenye mtandao, kinaingia, kinafunga mafaili, na unadaiwa dola 300 kwa bitcoin. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka kilikuwepo miezi miwili kabla.

Nyuma zaidi, mwaka 2003, kirusi cha Blaster kilizivamia Windows XP kwa mtindo huohuo. XP ya wakati ule ilikuja faiawoli ikiwa imezimwa, na hali hiyo ilibadilika na Service Pack 2 ya Agosti 2004. Ndiyo maana wakongwe wa kompyuta walikuwa na sheria yao: weka antivirusi kwa CD kwanza, intaneti baadaye. Leo Windows 10 na 11 zinakuja na faiawoli na Defender vikiwa vimewashwa, kwa hiyo hatari ya kuunga intaneti tu imepungua sana. Shida ni kwamba kwetu hivyo vyote vinazimwa na fundi mwenyewe.

Anavizima kwa sababu ya kreki. Ili Windows isikudai leseni anaweka kiprogramu fulani, Defender inakikataa, basi anazima Defender ndipo kinakubali. Hivi kweli, unampa mlinzi likizo usiku uleule unaomleta mgeni ambaye mlinzi amemkataa? Huyo mgeni huenda akawa hana neno. Huenda pia amebeba kirusi cha kuiba kuki, yaani ile kumbukumbu inayoiambia Instagram au Facebook kwamba wewe umeshaingia. Mwizi akiwa nayo haulizi pasiwedi, na mara nyingi hata ile namba ya kuthibitisha inayokuja kwenye simu haiombwi. Anaingia kama wewe.

Kuna dada namfahamu anauza mikoba. Laptopu yake ilitoka kwa fundi Jumamosi, Jumanne ukurasa wake ukawa na barua pepe ya mtu mwingine. Huyo mtu alitangaza ofa, akapokea hela za wateja kwa namba yake, akakaa kimya. Waliotapeliwa walimpigia nani? Yule dada. Wengine mpaka leo hawaamini kwamba siyo yeye.

Na kinachoniudhi zaidi, kreki mara nyingi haikuhitajika kabisa. Laptopu nyingi za kampuni kubwa zilizotumika, hizi zinazoletwa kutoka Ulaya na Dubai, kama zilitoka kiwandani na Windows 10 au ya baadaye, leseni yake imo ndani ya mashine. Ukiweka toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ikipata intaneti inajitambua yenyewe. Na hata isipojitambua, itakuandikia maneno pale kwenye kona na kukunyima kubadilisha picha ya nyuma, lakini masasisho inapata. Afadhali hayo maneno ya kwenye kona.

Kwa hiyo mwambie fundi hivi kabla hajagusa kitu: Windows ipakuliwe kwenye tovuti ya Microsoft, ni bure, flashi ya GB 8 inatosha, na kreki sitaki. Akikataa, nenda kwa mwingine. Kama tayari ilishawekwa, usihangaike kuifuta, piga Windows upya.

Siku ya kwanza mimi naipa kompyuta kazi moja tu. Kabla ya kuunga intaneti naangalia tarehe na saa, maana mashine zilizotumika betri yake ndogo ya ndani ikiwa imekufa tarehe inarudi nyuma, na masasisho yanagoma. Nafungua Windows Security, nahakikisha Defender na faiawoli zimewashwa. Halafu natumia hotspoti ya simu yangu, siyo Wi-Fi ya hoteli wala ya ofisi ya jirani yenye mashine kumi usizozijua afya yake. Ikiniuliza aina ya mtandao nachagua Public, ili mashine nyingine zisiione yangu. Kisha Windows Update, nabonyeza kutafuta, inashusha, inajizima na kuwaka, nabonyeza tena. Narudia mpaka ikose cha kushusha. Muda wote huo sifungui WhatsApp, sifungui barua pepe wala ukurasa wa duka.

Bando litaliwa, sikatai, zinaweza kufika GB kadhaa. Nunua bando la usiku, iache ifanye kazi umelala. Na angalia kama fundi hajaiweka intaneti yako kama "metered", kwa sababu ikiwa hivyo masasisho mengi hayashuki kabisa na wewe unadhani mambo shwari.

Wale wanaowekewa Windows 7 eti ni nyepesi, mimi nasema hapana. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, hakuna viraka vipya vya kusubiri. Windows 10 nayo huduma yake ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine yako inapokea 11, weka 11.

Flashi ya picha za bidhaa inaingia mwisho. Ichomeke, usiifungue, bonyeza kulia uipime na Defender kwanza. Ukikuta kila folda imegeuka shotikati ya KB chache, usibonyeze hata moja na usiiformati kwa hasira. Picha mara nyingi bado zipo, zimefichwa tu: acha Defender imalize kusafisha, kisha kwenye sehemu ya View washa Hidden items, huenda ukaziona.