Nia ya mtoto ibadilike, uraibu wake usipuuzwe

Ukiyafungua madaftari ya insha katika shule za mwambao wa Ziwa Viktoria, tangu Kisumu hadi Port Victoria, utawakuta watu wawili wasiozeeka: daktari na rubani. Mwalimu huuliza, "Ukiwa mkubwa ungependa kuwa nani?" na mara moja darasa zima hugeuka hospitali yenye madaktari tele wasio na wagonjwa. Akiuliza kuhusu uraibu, jibu nalo lipo tayari: kusoma vitabu vya hadithi, kuogelea na kutazama runinga. Mtoto wa Bunyala aliyejifunza kuogelea kabla ya kujua kusoma huandika kwamba kuogelea ni uraibu wake, kana kwamba amewahi kuwa na hiari katika jambo hilo.

Zamani majibu hayo hayakuwa na madhara makubwa. Mtoto alipata alama zake, akasahau. Leo hali ni tofauti. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walioingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026 walitakiwa kuchagua mkondo wakingali Gredi ya 9: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi ya jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka 14 au 15. Fauka ya hayo, si kila shule inayotoa mikondo yote mitatu, na kwa hiyo anayechagua mkondo huwa, kwa kiasi fulani, amechaguliwa na shule iliyo karibu naye.

Sipingi uchaguzi huo. Ninalolipinga ni kuusimika juu ya swali bovu. Nia ya mtoto ni kitu kinachobadilika, na inapaswa kubadilika. Uraibu wake ndio wenye habari za kuaminika zaidi, ilhali ndio tusioutazama.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Uraibu, kabla ya kuingia katika vitabu vya shule, ulikuwa ni kile mtu alichokizoea hata asiweze kuishi bila hicho, mathalan tambuu au tumbaku. Ndiyo sababu leo twamwita mtumiaji wa dawa za kulevya mraibu, na baadhi ya walimu huona haya kulitumia neno hilo kwa mambo mema. Mimi naona linafaa mno. Uraibu wa kweli ni lile jambo ambalo mtoto hulifanya bila kutumwa, na hulirudia hata akikatazwa. Ndoto, kwa upande mwingine, ni neno tulilolibebesha mzigo mpya. Tunawahimiza vijana "wafuate ndoto zao", tukasahau kwamba Mswahili anapotaja ndoto za Alinacha huwa anamcheka mtu, hampongezi.

Nilipokuwa shule ya msingi nami nilikuwa rubani, kama wengine. Lakini nilikuwa pia na daftari la majina ya samaki. Huyu tumwitaye omena, Watanzania humwita dagaa na Waganda mukene. Mbuta wetu ni sangara ng'ambo ya Tanzania. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna elimu iitwayo isimu. Hata sasa, miongoni mwa wanafunzi ninaowapokea mwaka wa kwanza, ni nadra kumpata aliyeitamani taaluma hii utotoni.

Kwa wanaodhani kwamba kugeuza nia ni dalili ya udhaifu, mwambao huu una mfano mzuri wa mke na mume. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alifunzwa uuguzi nchini Uganda, akafanya kazi hospitalini Uingereza, akatangaza katika BBC, akarudi kuwa mkunga na mkufunzi katika hospitali ya Maseno. Katika safari yote hiyo hakuziacha hadithi za nyanya yake. Riwaya yake, The Promised Land, ilitoka mwaka 1966. Baadaye akaandika kwa Kijaluo, na katika miaka ya 1980 akawa mbunge wa Gem. Mumewe, Bethwell Ogot, alisomea hisabati Makerere na kuifundisha katika shule ya Alliance kabla ya kwenda Scotland na kugeukia historia. Kitabu chake juu ya historia ya Wajaluo wa kusini, kilichochapishwa mwaka 1967, kilitegemea masimulizi ya wazee na hesabu ya vizazi ili kukadiria miaka. Ajabu ni kwamba hisabati haikupotea. Ilibadilisha makao tu. Lau angelazimishwa kubaki katika mkondo wake wa ujana, pengine tungepata mwalimu mwema wa hesabu na kukosa mengi.

Tena si mtoto peke yake anayebadilika. Kazi nazo hufa. Kijana wa Kisumu aliyeazimia mwaka 1970 kuajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki alikuwa na nia ya busara kabisa, kwani mji wenyewe ulikua kutokana na reli iliyofika ziwani mwaka 1901. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo likatoweka pamoja nayo. Waliokiwekea matumaini kiwanda cha nguo cha KICOMI waliona milango yake ikifungwa katika miaka ya 1990.

Mzazi ataniuliza: uraibu utamlisha mtoto? Swali hilo ni halali, hususan ufuoni, ambako mvulana anayependa mashua anaweza kupata fedha za samaki leo na kuyaacha masomo kesho. Lakini tumtazame mvulana huyo vizuri. Anajua ni usiku gani wa giza la mwezi taa zitawavuta omena, na usiku gani ni kazi bure. Anausoma upepo. Ujuzi huo ni mwanzo wa sayansi, na shule isiyouona ndiyo humwachia ziwa limchukue mzima mzima.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliahidi kuvitunza vipawa kama hivyo kwa masomo ya sanaa, ufundi na muziki. Karatasi za KCPE zilipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo yasiyotahiniwa yakawa mapambo katika ratiba. Saa ya muziki ikawa saa ya hisabati. Sioni ni kitu gani kitakachouzuia mtaala mpya kuanguka shimo lilo hilo, ikiwa alama pekee ndizo zitakazoamua mkondo.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Gredi ya 7 hadi ya 9. Mtengee kila mwanafunzi ukurasa mmoja, uandike humo, muhula baada ya muhula, anachofanya asipoambiwa la kufanya: anachochora pembeni mwa daftari, anachokitengeneza, anachokizungumza njiani. Siku ya kuchagua mkondo, ukurasa huo uwekwe mezani kando ya alama, mzazi akiwapo. Na anayetaka kubadili mkondo baada ya muhula wa kwanza asikilizwe kabla ya kuambiwa kwamba amechelewa.