Sombe ipande meza kuu

Harusi nyingi za Gitega, Burundi, siku hizi zina meza ya aina moja: chipsi, wali, kuku na mishikaki. Sombe (majani ya muhogo) na lengalenga (mchicha), hata zikipikwa, hubaki uani kwa ajili ya waosha vyombo. Mimi ni mpishi wa shughuli, mzaliwa wa Muyinga niliyeolewa Gitega, na ninasema wazi kwamba tunajidharau, na tunawaumiza wakulima wetu pia.

Wanakamati wa harusi huniambia sombe ni chakula cha shida. Anayesema hivyo hajawahi kuipika. Kwetu Muyinga mihogo ni mingi, na majani yake machanga tunayatwanga kinuni pamoja na kitunguu, poro (liki) na pilipili hoho mpaka yalainike kabisa. Majani ya muhogo yana sumu, na kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu ndiko kunakoiondoa. Kwa hiyo mimi nachemsha sufuria ikiwa wazi, naongeza maji yakipungua, mpaka harufu ya ubichi iishe. Hapo ndipo natia mawese ya Rumonge na karanga za kusaga, napunguza moto, nakoroga taratibu hadi mafuta yapande juu. Ndagala (dagaa) huingia mwisho. Kuku wa kukaanga hahitaji hata nusu ya kazi hiyo.

Gitega iko juu na kuna baridi, basi huku nafuata mvua katika kuchagua mboga. Zikianza, Septemba na Oktoba, lengalenga huchipua. Maharage yakishaota, nachuma majani yake machanga kabla hayajatoa maua. Kiangazi wakulima hushuka mabondeni kwa msimu wa tatu wa kilimo, msimu C, nami napata kabichi, nyanya na bilinganya. Mboga iliyofikia wakati wake ni tamu na bei yake ni nafuu. Anayetaka sahani ile ile mwaka mzima atalipia usafiri na madalali.

Walioondoka Afrika, kwa hiari au kwa minyororo, hawakuziacha mboga za majani. Jamaica hupika majani ya jamii ya lengalenga, huyaita callaloo, na huyala asubuhi pamoja na samaki wa chumvi bila kumwonea mtu aibu. Trinidad, callaloo yao ni majani ya majimbi na bamia, na bamia hiyo ilifika huko kutoka Afrika. Dada yangu aliyeko Ubelgiji hununua sombe iliyogandishwa katika maduka ya Matonge, Brussels, analipa kwa euro, na akipata mgeni hiyo ndiyo anayompikia kwanza. Sisi tunaoichuma mbichi ndio tunaoificha uani!

Aibu hiyo ina gharama. Utafiti wa taifa wa afya wa 2016–2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi waliokuwa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Sufuria ya mboga peke yake haiwezi kumaliza tatizo hilo, maana mtoto anahitaji pia maharage, mayai, maziwa na maji safi. Lakini mtoto anayeona wakubwa wakiipita sombe na kukimbilia chipsi hujifunza kwamba mboga ni adhabu.

Tangu Gitega iwe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, semina na mikutano haiishi. Ninaziomba ofisi, hoteli na kamati za harusi jambo moja: kila shughuli iwe na sufuria moja ya mboga ya msimu, iwekwe meza kuu, na mboga inunuliwe sokoni kwa akina mama wanaoilima, kwa pesa taslimu. Mimi nimeshaanza. Kamati inayokuja kwangu hukuta sombe imeandikwa juu kabisa kwenye orodha ya vyakula, na bei yake si ya chakula cha uani.