Basi la Japani, mlango katikati ya barabara

LUBUMBASHI – Taksi-basi inasimama ukingoni, upande wa kulia wa barabara, kama sheria ya Kongo inavyotaka. Mlango unafunguka kushoto, kule malori na pikipiki zinakopita. Mama mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni anaweka mguu wa kwanza katikati ya barabara. Konvwayeri anatanua mikono kuzuia magari yanayotoka nyuma. Mara nyingi yanasimama.

Sababu kila mtu anaijua. HiAce hizi zilitengenezewa Japani, ambako watu wanaendesha kushoto: volani iko kulia, mlango wa abiria kushoto. Zinashushwa melini Dar es Salaam, zinavuka Tanzania kisha Zambia, nchi mbili zinazoendesha kushoto vilevile. Njia yote hiyo gari liko sawa. Kosa linaanza Kasumbalesa, mita chache baada ya mpaka, linapohamia upande wa kulia. Wakaaji wa Beni na Butembo wanaona jambo hilohilo kwa magari yanayopita Kasindi kutoka Uganda. Kinshasa ina historia yake: Mercedes 207 za kutoka Ulaya, magari ya mizigo yaliyotobolewa madirisha na kuchomelewa mabenchi, hadi watu wakayaita "esprit de mort", roho ya kifo.

Wengi wanalaumu uzee wa magari. Uzee ni shida kweli, lakini si swali la kwanza. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika ambayo Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje kati ya 2015 na 2018, na Afrika ilipokea asilimia 40. Kongo haitaziba mto huo. Wala haifai kuuziba, kwani mfanyabiashara mdogo hana pesa ya basi jipya, na bila mabasi haya ya okazio maelfu ya watu wangekwenda kazini kwa miguu. Hata basi jipya halitoshi peke yake: serikali ilianzisha Transco kule Kinshasa mwaka 2013 kwa mabasi mapya, na baada ya miaka kadhaa mengi yalikuwa yamelala kwa kukosa vipuri.

Wapo wenye magari wanaotafuta dawa garajini. Wanahamisha volani kwenda kushoto, wanakata mlango mpya upande wa kulia na kuziba ule wa zamani. Wanasifiwa kwa hilo, na hapo ndipo hofu ingepaswa kuanza. Kuhamisha volani si kuhamisha kiti. Pedali za breki zinahama, mabomba yake yanahama, na vyuma vinavyounganisha volani na magurudumu vinapaswa kupata njia mpya. Fundi mzuri anatafuta vipuri vya gari lililotoka kiwandani na volani kushoto. Mwingine anaunganisha vipande kwa kuchomelea, kisha anapaka rangi. Ubavu uliokatwa bila kuimarishwa hauna tena nguvu yake siku basi linapopinduka. Abiria hawezi kutofautisha kazi hizo mbili, maana anaona mlango uko kulia na kiti kina kitambaa kipya. Anayeweza kutofautisha ni mkaguzi anayelala chini ya gari na taa, si yule anayegonga muhuri wa kontrole teknike kupitia dirishani.

Kinachokera zaidi ni nani anayelipa. Mpakani serikali inapokea ushuru wa gari, volani iko ilivyo. Mjini polisi wa rulaji anamsimamisha shofere kwa sababu ya gari hilohilo. Shofere hakulichagua, na jioni lazima afikishe pesa ya siku anayodaiwa na mwenye gari. Faini anaifidia kwa kubananisha watu wanne kwenye benchi la watatu.

Basi ukaguzi urudi mpakani. OCC iko Kasumbalesa; gari la kubeba abiria lenye mlango wa kushoto lisipewe karatasi ya biashara hiyo. Jeep ya mtu binafsi ni kesi nyingine, inaweza kusubiri. HiAce zenye volani kushoto na mlango kulia zipo: nchi za Ghuba zinaendesha kulia kama Kongo, na kutoka Dubai meli zinafika Dar es Salaam ileile. Kama bei yake ni kubwa zaidi, ushuru wake upunguzwe na ule wa gari la mlango wa kushoto upandishwe. Wenye magari watalalamika, na wapewe muda wa kujipanga, lakini muda wenye tarehe.

Kwa mabasi yaliyokwisha kuingia, meya hahitaji kungoja Kinshasa. Atenge vituo nje ya barabara, basi liingie kiwanjani na abiria ashukie huko, mbali na malori. Gharama yake ni changarawe, uzio na polisi mmoja asubuhi na jioni.