Kalamu na Spana

Msomaji kijana, kuna rai mbili zinazozunguka katika nchi yetu kama sarafu mbovu, na kila azipokeaye hutia hasara mfukoni mwake. Rai ya kwanza husema kuwa mtu aliyesoma hana haja ya kujua yaliyomo chini ya boneti ya gari. Kazi yake ni kuandika, na kazi ya kushika grisi ina wenyewe. Rai ya pili husema kuwa magari ya siku hizi yamejaa umeme na kompyuta, kwa hiyo mwanagenzi asiyaguse hata kwa ncha ya kidole. Ya kwanza ni kiburi, ya pili ni woga. Kiburi na woga si ndugu, lakini wameoana, na mtoto wao ni ujinga. Nakusudia kuzipinga rai zote mbili, na shahidi wangu ni kitu kidogo kiwezacho kushikwa kwa mkono mmoja: pampu ya mafuta.

Fikiri kwanza juu ya mahali petu. Kilungu ni nchi ya milima katika Kaunti ya Makueni. Barabara kuu ya Nairobi na Mombasa hupita chini yake, katika Salama, Sultan Hamud na Emali, penye nchi iliyo kavu zaidi. Lakini Nunguni na vijiji jirani viko juu, penye baridi na ukungu, na njia ya kuvifikia ni kupanda, kuteremka na kupanda tena. Gari hapa si pambo la tajiri. Ndilo lichukualo mboga na maparachichi kwenda sokoni, na ndilo lichukualo mama mwenye uchungu wa uzazi kwenda hospitali usiku wa manane. Likizimika katikati ya mlima, kila saa ipitayo ni hasara juu ya mzigo, na pengine ni hatari juu ya roho. Tena kumbuka kuwa kanuni za Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ng'ambo, mradi umri wao usizidi miaka 8. Pampu iliyofanya kazi miaka 7 katika nchi nyingine huja kumalizia maisha yake katika milima yetu. Basi swali si kama itakufa, bali ni nani atakayekuwapo siku hiyo mwenye kujua la kufanya.

Na tuanze na kiburi. Sitaki kukidhulumu, maana kilizaliwa na jeraha la kweli. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikisifu elimu ya mikono kwa Waafrika. Wazee wetu wengi waliitilia shaka elimu hiyo, kwa kuwa waliona watoto wa watawala wakipewa vitabu na watoto wao wakipewa jembe na nyundo. Shaka yao ilikuwa ya haki. Walichokataa ni ufundi uliofanywa ua wa kuwafungia nje ya vitabu. Ufundi wenyewe hawakuwa na ugomvi nao. Lakini Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na ua ule uling'olewa. Mjukuu anayeikwepa spana hata leo, akidhani analinda heshima ya babu yake, analinda ua usiokuwapo.

Tena, ni nani aliyesema kuwa mkono wenye grisi hauna heshima? Mutisya Munge wa Wamunyu hukumbukwa kuwa alijifunza uchongaji huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliporudi kwao ujuzi wake ukaenea, na leo vinyago vya Wakamba vinajulikana mbali. Naye alikuwa mwanagenzi siku ya kwanza aliposhika patasi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Mkono wake ulijua gari kabla jina lake halijajulikana.

Sasa tuuendee woga. Woga huishi gizani, na dawa yake ni kuwasha taa. Katika magari ya zamani yenye kabureta, kama zile Peugeot 404 zilizobeba abiria wengi katika Kenya, pampu ilikaa ubavuni mwa injini na kuendeshwa na injini yenyewe. Ndani yake mlikuwa na kiwambo kilichopanda na kushuka, kikivuta petroli kutoka tangini. Katika magari mengi ya petroli ya sasa, pampu ni mota ndogo ya umeme wa volti 12, iliyozamishwa ndani ya tangi. Husukuma petroli kwenda kwenye nozo za injini kwa nguvu ya mara tatu hadi nne ya shinikizo la hewa ituzungukayo. Petroli ile ile inayopita ndani yake na kuizunguka ndiyo inayoipoza.

Je, uchawi uko wapi hapo? Mota, waya, kichujio, mpira na shinikizo: yote hayo umeyasoma au utayasoma katika fizikia. Na ukiyajua, utaona mara moja jambo ambalo madereva wengi wa milimani hawalioni. Azoeaye kutembea na tangi lililo karibu tupu huiua pampu yake polepole. Gari linapopanda, petroli kidogo iliyobaki hukimbilia upande mmoja wa tangi. Pampu hunywa hewa, hupata joto, na injini huzimika. Dereva hulaani gari, kumbe gari lilimwomba petroli.

Ukishakishinda kiburi na kuushinda woga, yuko adui wa tatu akungojaye mlangoni, naye ni kubahatisha. Pampu nyingi nzima hutupwa kwa sababu mtu aliona injini haiwaki akahukumu bila ushahidi. Hakimu wa namna hiyo tungemfukuza mahakamani. Mbona tunamkaribisha gerejini? Injini isiyowaka si ushahidi juu ya pampu. Hakikisha kwanza kuwa mna petroli ndani ya tangi, wala usiiamini geji peke yake. Kisha fungulia swichi bila kupiga stata, na usikilize karibu na tangi: katika magari mengi pampu hunguruma kwa sekunde 2 hivi. Ikiwa kimya, tazama fyuzi yake. Fyuzi ikiwa nzima, badilisha rilei kwa nyingine iliyo sawa nayo. Kisha pima kwa mita kama umeme wafika katika plagi ya pampu wakati swichi inapofunguliwa. Usipofika, kosa liko njiani, na pampu mpya itakuwa bubu kama ile ya zamani. Ukifika, na waya wa kurudishia umeme ni mzima, nayo pampu hainguruma, hapo ndipo waweza kusema imekufa. Na kama yanguruma lakini injini ina njaa, kichujio na shinikizo vipimwe kwanza. Kazi hiyo yote haidai fedha nyingi. Yadai subira, na subira ndiyo spana ya kwanza.

Hapa sina budi kusema neno kali. Petroli hutoa mvuke uwezao kuwaka hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hauruki ukapotea, bali hutambaa chini ukitafuta jiko, sigara au cheche ya waya. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan katika Bonde la Ufa, watu zaidi ya 100 waliangamia kwa moto wa lori la petroli lililopinduka. Tarehe 10 Agosti 2019 msiba kama huo ukatokea Morogoro, Tanzania, na huko pia waliokufa walizidi 100. Hawakuwa wakibadili pampu. Wengi walikuwa wakichota mafuta yaliyomwagika. Lakini petroli haiulizi nia ya mtu.

Kwa hiyo, msomaji kijana, usiifanye kazi hii bila ruhusa ya mwenye gari, wala usiifanye peke yako; awepo mtu mzima mwenye kujua. Ifanyike uwanjani penye hewa, mbali na jiko na taa ya moto, wala isifanyike chumbani. Tangi lisiwe limejaa. Pawe na mtungi wa unga wa kuzimia moto, kwa maana maji huitembeza petroli iwakayo badala ya kuizima. Petroli isivutwe kwa mdomo kamwe. Ukikosa moja katika haya, rudisha kiti mahali pake, ukamwite fundi. Kufanya hivyo si woga. Woga ni kukimbia usichokijua, na hekima ni kukiepuka unachokijua.

Haya yakiwa tayari, injini ikishapoa, kazi yenyewe ina utaratibu wake. Toa fyuzi ya pampu. Ikiwa injini bado yaweza kuwaka, iache iende hata ijizimie, ili shinikizo lishuke katika mabomba. Kisha ondoa waya wa hasi wa betri. Katika magari mengi madogo, chini ya kiti cha nyuma mna kifuniko kielekeacho pampu. Katika magari mengine sharti tangi lishushwe, na hiyo si kazi ya mwanagenzi. Hapo mwachie fundi bila kuona haya. Kabla ya kufungua, futa vumbi lote, kwa maana punje za mchanga ziangukazo tangini ni adui wa pampu mpya. Chora katika daftari jinsi nyaya na mabomba yalivyokaa. Fungua bomba la petroli polepole, ukiwa umelifunika kwa kitambaa, maana huenda shinikizo limebaki. Pete ishikayo pampu igongwe kwa kipande cha mti au cha shaba nyeupe, wala usipige chuma juu ya chuma, usije ukazaa cheche. Itoe pampu taratibu, usiukunje mkono wa geji uliofungwa nayo. Weka ya zamani na mpya pamoja, uzilinganishe. Badilisha na chujio la chini, na mpira wa kuzibia uwe mpya. Ukisha kurudisha kila kitu na kuunga betri, fungua na kufunga swichi mara kadhaa ili shinikizo lijae, kisha tazama kila kiungo kabla ya kuwasha. Tone moja la petroli latosha kukuamuru uanze tena.

Najua jawabu la wapinzani wangu. Watasema, "Ukiwafundisha watoto wa shule kazi hii, unawanyang'anya mafundi chakula chao." Neno hilo lina sura ya huruma, lakini halina mifupa. Mgonjwa awezaye kueleza mahali panapouma hamfanyi daktari kuwa maskini. Humpunguzia kazi ya kukisia. Fundi mwema hupenda mteja ajuaye, kwa kuwa mteja huyo hutambua kazi njema na hulipa kwa moyo mweupe. Atakayeudhika na elimu yako ni yule tu auzaye pampu mahali palipoungua fyuzi, na hasara ya huyo haitaliza mtu. Isitoshe, mtu aliyetumia nusu siku akihangaika na pete moja isiyolegea hatamdharau tena fundi maisha yake yote. Atajua kuwa mikono ile nayo ina akili.

Wapo pia watakaosema kuwa pampu ni jambo dogo mno kwa insha. Kwa mwenye magari mawili na fedha benki, huenda ni dogo. Lakini nchi haijengwi na mambo makubwa peke yake. Wazee wa Ukambani hawakuyatengeneza matuta ya milima hii kwa hotuba. Waliyachimba, na mara nyingi kwa mwethya, jirani akimsaidia jirani, na aliyejua akimwonyesha asiyejua. Elimu ya pampu nayo iende kwa njia hiyo hiyo. Ukijifunza, mwonyeshe mwenzako. Naye amwonyeshe mdogo wake, mvulana kwa msichana, kwa sababu gari lizimikapo mlimani halichagui aliyeshika usukani.

Basi usingoje gari liharibike ndipo utake kujua. Mwenye gari aliye karibu nawe, awe baba, mama, mjomba au jirani, mwendee kwa adabu umwombe neno moja tu: akuonyeshe fyuzi ya pampu iko wapi. Kama anajua, utakuwa umepata mwalimu. Kama hajui, tafuteni pamoja katika kitabu cha gari. Nanyi mtakuwa wanagenzi wawili, na huo utakuwa mwanzo mwema kuliko kiburi cha mmoja na woga wa mwingine.