Siri ya Mfanyakazi ni Dhamana

Mfanyakazi aliyekatwa kidole na mashine katika kiwanda cha Chang'ombe anajua aende wapi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huwahudumia wanaoumia na wanaougua kwa sababu ya kazi, pamoja na familia za wanaofariki. Lakini mwalimu wa Mbagala au karani wa Bunju ambaye taarifa zake zimetoka ofisini bila idhini na kuangukia mikononi mwa matapeli, mara nyingi hajui pa kuanzia. Jeraha lake halitoi damu, na Mfuko huo haukuundwa kwa ajili ya jeraha la namna hiyo.

Faili la mtumishi si karatasi tupu. Lina namba ya kitambulisho cha Taifa, akaunti ya benki, mshahara, majina ya watoto, na pengine cheti cha daktari. Mtumishi alizitoa taarifa hizo kwa kuwa bila hizo asingeajiriwa. Mwajiri, basi, amezipokea kama dhamana, na mwenye dhamana hana budi kuitunza.

Sheria imekwisha kulisema jambo hili. Katiba, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa azilinde, na zikivuja aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Aliyedhurika ana haki ya kulalamika mbele ya Tume na haki ya kudai fidia. Tume inaweza kumtoza mkosaji faini hadi shilingi milioni 100. Hata hivyo, faini pekee haimrudishii mwalimu alichopoteza. Kinachomrudishia ni fidia, na fidia haiji bila kudaiwa.

Yaliyotokea Uingereza ni fundisho. Mwaka 2014, mtumishi mmoja wa kampuni ya maduka ya Morrisons, mwenye kinyongo na mwajiri wake, alitoa hadharani taarifa za mishahara za wenzake karibu 100,000. Alifungwa miaka minane. Maelfu ya wenzake waliidai kampuni fidia, wakashinda katika mahakama za chini. Lakini mwezi Aprili 2020, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kampuni haiwajibiki kwa kitendo hicho cha kisasi. Ni dhahiri kwamba kifungo cha mkosaji si fidia ya waliodhurika, na kwamba uzembe wa mwajiri mwenyewe hauna budi kuthibitishwa.

Kwa hiyo kila ofisi, ya umma na ya binafsi, Temeke hata Kinondoni, yapasa ifunge makabati yake, iandike nani amefungua faili la nani, na ikomeshe tabia ya kurusha orodha za watumishi katika makundi ya simu. Taarifa zikivuja, wenyewe waambiwe mara moja. Vyama vya wafanyakazi, kama vile CWT na TALGWU, viliingize suala hili katika mikataba ya hali bora. Naye mfanyakazi ahifadhi ushahidi, aandike tarehe, na apeleke lalamiko lake kwa maandishi.

Mwajiri aliyeshindwa kulitunza faili asishangae akitakiwa kulipa.